Sukari 8.4 na Chai ya Alfajiri

Tuseme mama wa miaka 62 ametoka Bunda alfajiri kwenda Musoma kupima damu. Kwa kuogopa kizunguzungu njiani, amekunywa kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari. Majibu yanatoka: sukari 8.4. Kabla hata ya kumwona daktari, binti yake ameshaandika kwenye kundi la familia kwamba mama ana kisukari.

Karatasi haijasema hivyo. Kwa mtu aliyekaa saa nane au zaidi bila kula, 8.4 ingekuwa habari nzito, maana mpaka wa kisukari ni 7.0 mmol/L. Kwa aliyetoka kunywa chai tamu, mpaka ni 11.1. Na kama hana dalili, kiu kali au kukojoa mara kwa mara, kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ugonjwa haujatajwa.

Kipo kipimo kisichojali chai ya asubuhi: HbA1c, kinachopima wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, na mpaka wake ni asilimia 6.5. Lakini Kanda ya Ziwa ina wengi waliorithi vinasaba vya selimundu, na vinasaba hivyo, kama upungufu wa damu, vinaweza kukipotosha kipimo hicho. Mwenye selimundu katika ukoo amwambie daktari mapema.

Kwenye karatasi hiyo hiyo, himoglobini chini ya 12 kwa mwanamke, au 13 kwa mwanamume, ni upungufu wa damu. Watu hukimbilia juisi ya rozela. Si vibaya, ila inachelewesha swali lenyewe: damu inakwenda wapi? Kando ya ziwa, kichocho na minyoo hushukiwa upesi. Kwa mzee, choo cheusi kama lami ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Chembe nyeupe huhesabiwa pia. Zikizidi, watu hushtuka wakihofia saratani ya damu. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo ni maambukizi ya kawaida.

Kreatinini ikipanda, figo huenda zina shida. Je, baba humeza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuziumiza, kila jioni kwa ajili ya magoti? Wazee wengi hawaitaji kwa daktari, kwa kuwa waliinunua dukani bila cheti.

Mama anarudi Musoma wiki inayofuata, safari hii bila chai: 6.4. Si kisukari, ila imepita kidogo kiwango cha kawaida. Tonge za ugali wa udaga zinapungua, mboga za majani zinaongezeka, sato anachemshwa badala ya kukaangwa. Soda, yenye sukari ya vijiko kama tisa kwa chupa ya mililita 350, inaachwa. Sokoni anakwenda kwa miguu, dakika 30, siku tano kwa wiki. Nyuma ya karatasi ya kwanza, binti ameandika tarehe ya kupima tena, na chini yake: asinywe chai.