Kufundisha Kazi za Mikono: Fundi Kati ya Kazi Yake na Watu

Utangulizi

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii tumeifundisha mara nyingi, na aghalabu tumewaachia wanafunzi waiamini bila kuipima. Katika somo la kazi za mikono imetutia hasara. Tunakusudia kueleza katika makala haya jinsi ilivyotutia hasara, na jinsi mwalimu wa Darasa la Tano au la Sita awezavyo kuwaongoza wanafunzi wake katika jambo ambalo sisi walimu hulipita haraka: fundi anayejitegemea augaweje wakati wake kati ya kuitengeneza kazi na kujuana na watu, yaani wanunuzi, mafundi wenzake, na wale wawezao kumfundisha au kumsaidia.

Jambo hili si dogo. Wapo watoto wengi watakaoishi kwa kazi ya mikono yao. Tukiwapa ustadi wa mkono peke yake, tunawatoa shuleni wakiwa na nusu ya ufundi, na nusu iliyobaki watafundishwa na mchuuzi kwa faida yake mwenyewe.

Makosa mawili tuliyoyafanya

Tulipoanza kufundisha ususi wa ukindu katika shule moja ya pwani, mkazo wetu wote ulikuwa juu ya mkono. Wanafunzi walijifunza kuchana ukindu kwa upana ulio sawa, kuuanika, kuuchemsha katika rangi, na kuulowesha kidogo kabla ya kusuka ili usikatike. Walisuka ukili uliokaza, kisha wakaushona ukili juu ya ukili kwa shazia hadi kikapu kikasimama. Muhula ulipokwisha tulikuwa na vikapu 24, na vingi kati ya hivyo vilistahili sifa. Tuliviweka stoo tukangojea wanunuzi. Hakuja mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejua kwamba vipo. Tulipofungua stoo baada ya masika tulikuta ukungu na alama za meno ya panya. Msichana aliyekuwa amesuka kikapu kilichopita vyote kwa uzuri alikigeuzageuza, akatuuliza, "Mwalimu, sasa nilikuwa namsukia nani?" Hatukuwa na jibu.

Muhula uliofuata tulikimbilia upande wa pili. Tuliwatuma wanafunzi sokoni, zahanati na kituo cha basi wakatafute wateja. Walirudi kwa furaha wakiwa na maagizo ya vikapu 30 vya kumalizwa katika majuma matatu. Saa za kusuka ziligeuka kuwa saa za kutembea na kuahidi. Ukindu ulisukwa kabla haujakauka vema, ukili ukalegea, na vishikio vikafungwa kwa pupa. Mama mmoja muuza samaki alirudi shuleni na kikapu kilichokatika kishikio sokoni, samaki wakamwagika mbele ya wateja wake. Hakutugombeza. Alikiweka mezani, akasema kwamba alikuwa amekwisha kuwashauri wenzake wawili waagize, na sasa imembidi awaambie wasiagize.

Katika muhula wa kwanza tulikuwa na kazi bila watu. Katika wa pili tulikuwa na watu bila kazi. Tukatambua kwamba makosa hayo mawili yana mzizi mmoja. Tuliyatenga mambo hayo kana kwamba hayahusiani, tukawa tunalihudumia moja na kulisahau jingine.

Mifano ya mafundi

Kabla ya kuandaa somo jipya tulitafuta mifano ya mafundi wa Afrika Mashariki ambao habari zao zaweza kusimuliwa darasani.

Mfano wa kwanza ni Mutisya Munge, mchongaji wa Wamunyu katika nchi ya Wakamba, Kenya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, alifika Tanganyika, akajifunza kuchonga mpingo kwa wachongaji wa huku. Aliporudi kwao aliendelea na kazi hiyo, na ufundi ukaenea kwa jamaa na majirani hata Wamunyu ikajulikana kwa uchongaji. Hapa mwalimu awaonyeshe wanafunzi kwamba kujuana na watu si kutafuta wanunuzi tu: Munge alikutana na watu, akarudi na ujuzi. Baadaye, mwaka 1963, wachongaji wa Kikamba waliokuwa Mombasa waliunda chama cha ushirika. Katika ushirika wa namna hiyo chama chaweza kuonana na wanunuzi kwa niaba ya wengi, na mchongaji akabaki na tezo yake.

Mfano wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932. Alianza kuchora picha mjini Dar es Salaam yapata mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa kama zile za kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores huko Oysterbay, na mkewe alisaidia kuziuza. Vijana, wengi wao jamaa zake, walijifunza kwake. Alipouawa mwaka 1972, miaka michache tu tangu aanze, kazi haikufa, kwani wanafunzi wake waliiendeleza, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika.

Hata hivyo mfano huu una onyo ndani yake. Mafundi wengi wakaapo pamoja mbele ya wanunuzi walewale, kila mmoja huona kilichouzwa jana na hushawishika kukirudia leo. Watu humlisha fundi, lakini pia waweza kuushika mkono wake. Ndiyo maana tunasema kwamba fundi anahitaji saa za aina tatu: saa za kutengeneza, saa za watu, na saa za kujaribu jambo jipya ambalo bado hakuna aliyeliagiza.

Maandalio ya somo

Shabaha: Baada ya vipindi vitatu mwanafunzi aweze (a) kueleza kwa nini fundi huhitaji watu; (b) kukokotoa faida na gharama ya kutoka; na (c) kupanga juma la kazi lenye saa za aina zote tatu.

Zana: Kikapu kizuri, kikapu kibovu, kitambaa, ubao, na daftari moja kwa kila kikundi.

Hatua ya kwanza: Methali. Mwalimu aweke vikapu viwili mezani. Kile kizuri akifunike kwa kitambaa. Kile kibovu akiache wazi. Aulize: "Mtu aliyekuja na haraka ya kununua kikapu atanunua kipi?" Kisha aifunue ile nzuri na kuandika ubaoni "Kizuri chajiuza", na chini yake "Kidole kimoja hakivunji chawa". Wanafunzi wajadili ni wakati gani kila methali husema kweli. Mwalimu asiharakishe jibu. Watafika wenyewe kwenye neno hili: kizuri hujiuza kikiisha kuonekana.

Hatua ya pili: Hesabu ya juma. Mwalimu aandike hesabu hii, akieleza kwamba tarakimu ni za kudhania, na kwamba baadaye darasa litatafuta za kijiji chake. Fundi ana saa 30 za kazi kwa juma. Kikapu kimoja huchukua saa 6. Mchuuzi hununua nyumbani kwa shilingi 5,000. Sokoni kikapu huuzwa shilingi 9,000. Safari moja ya sokoni huchukua saa 5 na nauli ya shilingi 2,000. Wanafunzi wakokotoe:

1. Asipotoka kabisa: vikapu 5, shilingi 25,000.
2. Akitoka mara moja: zinabaki saa 25, vikapu 4, shilingi 36,000, akitoa nauli, shilingi 34,000.
3. Akitoka mara mbili: zinabaki saa 20, vikapu 3, shilingi 27,000, akitoa nauli, shilingi 23,000.
4. Akitoka mara tatu: zinabaki saa 15, vikapu 2, shilingi 18,000, akitoa nauli, shilingi 12,000.

Wanafunzi wengi hushangaa kuona kwamba anayetoka mara tatu hupata chini ya nusu ya yule asiyetoka kabisa. Mwalimu aulize swali la tano: je, fundi akitoka mara moja, na pia akatenga saa 6 za kujaribu nakshi mpya, atapata nini? Zinabaki saa 19, vikapu 3, na baada ya nauli shilingi 25,000. Ni sawasawa na yule asiyetoka, lakini huyu amebaki na nakshi mpya na watu wanaomjua. Faida hiyo haikuandikwa katika hesabu, na hapo ndipo majadiliano ya kweli huanza.

Hatua ya tatu: Mgeni wa darasa. Katika kipindi cha pili aalikwe fundi wa kijijini, awe msusi, mfinyanzi, seremala au mhunzi. Tulipomwalika msusi kwa mara ya kwanza bila kuwaandaa wanafunzi, wote waliuliza bei. Basi maswali yaandaliwe mapema. Tunapendekeza haya: Nani alikufundisha? Ni saa zipi za siku hupendi kukatizwa? Mara ya mwisho ulipotoka kwenda kwa watu, ulirudi na nini? Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa safari nzuri humrudisha fundi na kitu kwa ajili ya mkono: agizo, malighafi, lawama yenye mafunzo, au ujuzi.

Hatua ya nne: Mpango wa kikundi. Katika kipindi cha tatu, vikundi vya wanafunzi wanne wanne vipange juma lao la kazi. Kila kikundi kimteue mmoja wa kutoka, na zamu ibadilike kila juma, ili asiwepo mwanafunzi wa kusuka daima wala wa kusema daima. Anayetoka huchukua daftari, na humo huandika jina la mtu, alichokitaka, tulichomwahidi na tarehe. Sharti ni moja: asiahidi kazi ambayo saa za kikundi haziwezi kuibeba. Mali bila daftari huisha bila habari, na ahadi bila daftari huisha vivyo hivyo.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, mwalimu asitoe alama kwa kikapu kilichokamilika tu. Mpango wa juma na daftari la kikundi navyo vihesabiwe, maana mwanafunzi hukithamini kile anachoona mwalimu anakithamini.

Pili, yupo mtoto mwenye haya ambaye kwenda kwa watu ni mzigo kwake. Asilazimishwe kuhutubia soko. Aanze kwa kwenda na mwenzake, akiwa na kikapu chake mkononi. Kikapu kitaanza mazungumzo kwa niaba yake.

Tatu, siku hizi simu ya mkononi imefungua mlango mwingine wa kuonana na watu. Picha ya kikapu yaweza kufika mji wa mbali bila nauli. Lakini mlango huo haufungwi usiku, na fundi aweza kupoteza asubuhi nzima akijibu maswali ya watu wasionunua. Wanafunzi wafundishwe kuupimia saa zake kama walivyozipimia safari ya sokoni.

Hitimisho

Katika muhula wa tatu tulisuka vikapu 15 tu. Zamu ya kutoka ilipomfikia yule msichana aliyetuuliza alikuwa anamsukia nani, alichagua kwenda kwa mama muuza samaki, akiwa na kile kikapu kilichokatika. Hakwenda kuuza. Alimwuliza uzito wa samaki anaowabeba, na jinsi anavyokitweka kikapu. Mama alimwonyesha. Msichana akarudi akatumia saa zake za kujaribu kushona vishikio vinavyopita chini ya kitako cha kikapu na kupanda pande zote mbili, badala ya kufungwa kwenye ukingo peke yake. Cha kwanza kilipinda; cha pili kilisimama. Alikipeleka kwa yule mama, naye akakubali kukijaribu kwa juma moja. Hakuahidi zaidi, nasi hatukumwomba.

Tulijifunza siku ile zaidi ya wanafunzi wetu. Msichana alikuwa amepata jibu la swali lake mwenyewe. Alijua sasa anamsukia nani, na kwa kujua hivyo kazi yake ikawa bora.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Taja mafundi watatu wa mahali unapotoka. Kila mmoja hugawaje wakati wake kati ya kazi na watu? Ni nani anayemsaidia?
2. Tengeneza hesabu ya juma kwa kazi moja ya mikono ya kwenu, ukitumia bei na nauli za kweli. Je, safari moja kwa juma ndiyo yenye faida kubwa huko pia?
3. Mwanafunzi wako anasuka vema lakini hurudia nakshi ileile inayouzwa. Utamwongozaje bila kumkatisha tamaa?