Sabato ya Mfanyakazi Mgeni

JUMANNE

Soma Kutoka 20:8–10 na Kumbukumbu la Torati 5:13–15. Ni akina nani wanaopaswa kupumzika siku ya Sabato, na kwa sababu gani?

______________________________________

Amri ya nne haiishii kwa mwenye nyumba. Inawataja watumishi wake na mgeni anayeishi kwake. Musa anaporudia amri hiyo anawakumbusha Israeli kwamba nao walikuwa watumwa Misri, ambako Farao hakuwapa nafasi ya kupumzika (Kut. 5:4–9). Basi Sabato ni siku ya ibada, na pia ni mpaka ambao Mungu amemwekea mwajiri.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 kulikuwa na wafanyakazi wahamiaji milioni 169. Miongoni mwao wamo binti na dada zetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Wengi waliajiriwa chini ya utaratibu wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini. Wako waajiri wema. Lakini mwajiri akiwa mkatili, akashika pasipoti na kuzuia mshahara, mfanyakazi akikimbia anaweza kuripotiwa kuwa mtoro na kupoteza kibali cha kuishi nchini.

Biblia inaijua hali hii. Yakobo alitumika kwa mjomba wake Labani miaka 20 na ujira wake ukabadilishwa mara kumi. Alipoondoka kwa siri, alifuatiwa kama mwizi. Ni Mungu aliyemwonya Labani usiku asimdhuru (Mwa. 31:7, 22–30, 41).

Soma Kumbukumbu la Torati 23:15, 16 na 24:14, 15. Mungu anamlindaje aliyemkimbia bwana wake, na yule anayengojea ujira?

______________________________________

Aliyekimbia asirudishwe. Ujira ulipwe siku ile ile kabla jua halijatua, awe ni ndugu au mgeni. Mwaka 2011, Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani uliweka kwamba mfanyakazi wa nyumbani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma na akae na hati zake mwenyewe. Msomaji wa Torati hapaswi kushangazwa na hayo.

Ni rahisi kuwalaumu waajiri wa mbali. Lakini yuko pia binti aliyetoka kijijini kuja kutulelea watoto. Sabato asubuhi tunamwacha jikoni ili tukirudi kanisani tukute chakula tayari. Hapo tumeitunza amri kwa midomo, na kumfanya yeye aivunje kwa ajili yetu. Siku ya Maandalio iliwekwa ili naye apumzike kama sisi.

Je, anayefanya kazi nyumbani kwako analipwa kwa wakati, na Sabato yake ikoje? Ni familia gani kanisani kwenu yenye mtu aliye kazini ughaibuni, nanyi mtaisaidiaje juma hili?