KLIMATIZERI YA DISPENSARI: NAMNA YA KUIWASHA NA KUITUMIA BILA HATARI



Kila mwenye kufika kwenye dispensari anaona kile kisanduku cheupe kilichofungwa juu ukutani, kinachotoa baridi. Ndiyo klimatizeri. Wengine wanaipenda mno, hawataki izimwe. Wengine wanaiogopa, wanasema inaleta malaria. Malaria inaletwa na mbu, siyo na baridi. Lakini mashine hii ina hatari zake nyingine, na inafaa kila mtu azijue.

1. Mashine hii inafanya kazi namna gani?

Ina sehemu mbili: moja ndani, nyingine nje nyuma ya ukuta. Zinaunganishwa na mabomba mawili ya shaba, waya za umeme na mpira wa kutoa maji. Ndani ya mabomba kunazunguka gesi. Gesi inachukua joto la chumba, inalitupa nje, kisha inarudi kuchukua lingine. Ndiyo sababu ukisimama nyuma ya nyumba unapulizwa na hewa ya moto.

Mashine nyingi zinaweza pia kugeuza njia hiyo na kuleta joto ndani. Huku Kabambare hatuna haja nayo sana, lakini wenzetu wa milima ya Kivu wanajua faida yake usiku wa baridi.

Shikeni neno moja: mashine hii HAILETI HEWA MPYA. Inavuta hewa ya chumba, inaipoza, inairudisha ileile.

2. Namna ya kuiwasha

a) Tazama kwanza nje. Nguo, majani au makartoni yasifunike sehemu ya nje. Mpira wa maji usizibwe.

b) Grupu ikianza kunguruma, usiwashe hapo hapo. Ngoja dakika 5 umeme utulie. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja vilevile. Gesi ingali imesukumwa upande mmoja, na mota ikilazimishwa kuanza inaweza kuungua.

c) Shika telekomande. Picha ya nyota ya theluji ni baridi. Jua ni joto. Tone la maji ni kupunguza unyevu. Feni ni kupuliza tu. Mara nyingi watu wanasema mashine imekufa, kumbe mtoto amebonyeza jua.

d) Weka digri 25 au 26. Kuweka 16 hakufanyi chumba kipoe upesi zaidi. Kunafanya tu mashine isipumzike. Mashine ndogo ya BTU 9.000 inatumia karibu wati 800, sawa na balbu 80 za wati 10. Mafuta ya grupu yanayopotea hapo ndiyo yangewasha taa usiku mama akijifungua.

3. Hatari tatu

Ya kwanza: kikohozi. Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado mgeni kazini, mahali pengine, nililaza mgonjwa mwenye kukohoa pamoja na wengine wanne. Joto lilikuwa kali. Nikafunga madirisha yote, nikawasha mashine, na wote wakanishukuru. Siku ya sita tukapima makohozi yake: kifua kikuu. Kwa siku hizo zote watu wanne walikuwa wakivuta hewa iliyotoka kifuani mwake, nami pamoja nao. Mwaka uliofuata mmoja wao, kijana mchimbaji, alianza kukohoa. Alimeza dawa miezi 6, akapona. Lakini miezi hiyo nyumba yake ilikuwa na shida, na mimi nilijua ni nani aliyefunga dirisha.

Ninyi mnaofanya kazi katika vumbi la mawe, sikilizeni vizuri: mapafu yaliyoingiwa na vumbi hilo yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo palipo na mtu anayekohoa, zima mashine, fungua madirisha. Afadhali kutoa jasho. Katika vyumba vingine, fungua madirisha mara kwa mara mchana. Kikohozi kikipita wiki 2, njoo upimwe.

Ya pili: mtoto mchanga. Anatoka tumboni akiwa na maji mwilini, anapoa upesi sana. Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha kuzalia kiwe na digri 25 mpaka 28, pasipo upepo. Basi mama akikaribia kujifungua, mashine isimpulizie. Mtoto akaushwe, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe pamoja na kichwa.

Ya tatu: moshi wa grupu. Ndani yake mna gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu usingizini. Usiweke grupu ndani ya nyumba, wala barazani, wala karibu na dirisha, hata mvua ikinyesha.

4. Mtu aliyezidiwa na joto kazini

Katika mgodi wa Mponeng, Afrika ya Kusini, kina kinakaribia kilometa 4 na mwamba unapita digri 60. Bila kupoza hewa hakuna anayeweza kufanya kazi kule. Sisi huku jua ndilo adui yetu.

Mwenzako akianza kusema ovyo, akiyumba au kuanguka, na mwili wake unawaka, usimkimbize kwanza kwenye klimatizeri. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, na mtu mwingine atuite. Kila dakika ina thamani. Asiye na fahamu asinyweshwe maji.

5. Usafi

Kila wiki 2, na zaidi wakati wa kiangazi chenye vumbi, zima mashine na ukate umeme. Fungua kifuniko, toa filtri, osha kwa maji na sabuni kidogo, kausha kivulini, rudisha. Ukiona barafu juu ya mabomba, au maji yakichuruzika ukutani, zima, ita fundi. Mambo ya gesi na waya ni ya fundi peke yake.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Kwa nini dirisha lifunguliwe palipo na mwenye kukohoa?
2. Umeme ukirudi, tunangoja dakika ngapi?
3. Mwenzako amezidiwa na joto. Utaanza na nini?

Baba asome, mama aulize, watoto wajibu. Asiyejua aje dispensari, tutamwonyesha.