Istilahi za Upangaji Njia Mtandaoni: Tatizo la "Isiyo na Muunganisho"

Makala haya yanachunguza istilahi moja ya mitandao ya tarakilishi inayowapotosha wasomaji wa Kiswahili. Nilipokuwa Garissa nikimsaidia binamu yangu kusoma maelezo ya kozi yake, tulikuta kirai "itifaki isiyo na muunganisho". Akakifafanua bila kusita: ni itifaki itumikayo mtandao unapokatika. Kosa halikuwa lake. Katika mazungumzo ya kila siku, asiye na muunganisho ni yule ambaye simu yake haishiki mtandao.

Dhana yenyewe ni nyingine kabisa. Katika Itifaki ya Intaneti, iliyoainishwa mwaka 1981 katika waraka RFC 791, data husafiri katika vifurushi, na kila kifurushi hubeba anwani ya kiendako. Mtumaji hamwarifu mpokeaji kwanza, wala hatengewi njia. Kila ruta husoma anwani na kuamua hatua inayofuata tu. Tukumbuke Novemba 2023, mafuriko ya Mto Tana yalipokata barabara ya Garissa kwenda Nairobi eneo la Madogo, abiria na mizigo yao wakavushwa kwa mashua. Mzigo wenye jina la mpokeaji uliweza kubadili chombo pale pale bila aliyeutuma kuulizwa. Simu ya waya ya zamani ilikuwa kinyume: njia nzima ilifunguliwa kwanza, ndipo watu wakazungumza.

Hivyo basi, kinachokosekana si muunganisho bali ni maafikiano ya awali. Nilifikiria "isiyo na mapatano", nikaiacha, kwani neno itifaki asili yake ni Kiarabu na maana yake ni mapatano. Tungepata mapatano yasiyo na mapatano! Napendekeza "isiyo na miadi". Binamu yangu, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisomali, alilipokea neno hilo papo hapo: "Kumbe ni ballan."

Tatizo la pili ni la upatanisho wa kisarufi. Tukisema "itifaki za kupanga njia zisizo na miadi", je, "zisizo" inarejelea itifaki au njia? Nomino zote mbili zimo katika ngeli ya I-/ZI-. Swali hili si la wanasarufi pekee. BGP, itifaki ambayo mitandao mikubwa huitumia kupashana habari za njia, huendeshwa juu ya TCP, nayo TCP hufunga miadi kwanza. Yaani ruta mbili hufunga miadi ili zipate kuongoza vifurushi visivyo na miadi. RIP, kwa upande wake, hutumia UDP, ambayo haina miadi. Mwanafunzi atakayeambatisha sifa hiyo kwa kila itifaki ya kupanga njia atakuwa amekosea kuhusu BGP. "Itifaki za kuvipangia njia vifurushi visivyo na miadi" ni kirai kirefu, lakini hakina utata.

Aidha, kupanga njia kutofautishwe na kupitisha. Ruta hupanga njia inapojenga jedwali la njia; hupitisha inapolisoma jedwali hilo na kusukuma kifurushi mbele.

Wako watakaolipinga neno kifurushi, hasa wenzetu wa Tanzania, kwa kuwa kwao ni data inayonunuliwa kwa simu. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, "pakiti" ingeturudisha katika ngeli ya I-/ZI- na utata ule ule, na kwa sababu hiyo pekee nabaki na kifurushi.