Mfuko wa Karatasi za Afya Nyumbani

Tangu Machi 2001 matibabu ni bure katika vituo vya afya na hospitali za serikali ya Uganda, isipokuwa wodi za kulipia. Mkazi wa wilaya ya Koboko hadaiwi pesa ili amwone daktari, lakini anaweza kupoteza asubuhi nzima akieleza yeye ni nani, alitibiwa wapi, na mtoto amechanjwa nini.

Kwa hiyo kila nyumba inahitaji mfuko mmoja wa nailoni unaofungika vizuri, utundikwe mbali na mchwa na paa linalovuja. Humo ziwekwe kadi za chanjo za watoto, kitabu cha kliniki ya wajawazito, na daftari la matibabu la kila mtu. Daftari hilo, la kununua dukani, ndilo kumbukumbu ya mgonjwa: dawa alizopewa, majibu ya vipimo, tarehe ya kurudi. Anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Arua abebe pia barua ya rufaa, la sivyo vipimo vitaanza upya.

Jambo linalosumbua watu wengi zaidi ni majina. Mzee ni Ramathan kwenye kitambulisho, Ramadhan kwenye daftari; binti ni Asha kwenye kadi ya chanjo, kisha Aisha shuleni. Koboko inapakana na Sudan Kusini na Kongo, na Wakakwa wana ndugu katika nchi zote tatu, kwa hiyo karatasi za ukoo mmoja huandikwa na makarani wa serikali tofauti. Familia ichague tahajia moja, ile ya kitambulisho cha taifa, na kumwonyesha karani kadi yenyewe badala ya kumtamkia jina. Mtoto akizaliwa, mama asiondoke wodini bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Hiyo ndiyo itakayopelekwa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, kupata cheti cha kuzaliwa.

Kitambulisho kikipotea, NIRA hutoza ada kwa kingine, mzigo mkubwa kwa mkulima. Ndiyo maana nakala yake, au walau namba ya utambulisho wa taifa (NIN) iliyoandikwa kwenye daftari, ina thamani. Wakimbizi Wakongo wa makazi ya Lobule, wilayani humo, ambao Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawalinda, wao waje kituoni na karatasi yao ya familia ya ukimbizi.

Asiye na kitambulisho je? Machi 2021 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba chanjo ya UVIKO-19 ingehitaji kitambulisho cha taifa. Mashirika ya kutetea haki ya ISER na Unwanted Witness yakaenda mahakamani, na wizara ikakubali vitambulisho vingine. Vinginevyo wazee wengi wasio na kadi wangeachwa nje. Basi mwenye kukosa kadi aombe barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mapema, akiwa mzima. Mama aliyeshikwa na uchungu, au mtoto mwenye degedege, apelekwe papo hapo; ndugu atafuata na mfuko.