Imani na Msiba katika Kichwamaji: Mwongozo kwa Vikundi vya Usomaji

Utangulizi

Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka wa 1974, miaka mitatu baada ya Rosa Mistika. Wahakiki wengi wameichunguza kwa misingi ya falsafa ya udhanaishi, nao wana sababu: msimulizi wake, Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anatilia shaka maana ya maisha na kuwako kwa Mungu. Hata hivyo, riwaya kama hii inapojadiliwa katika kikundi cha usomaji, mjadala huweza kugeuka mahakama ya imani. Upande mmoja humshutumu mwandishi kwa kukufuru, upande wa pili humsifu kwa ujasiri, nayo matini husahauliwa. Makala haya yanapendekeza kwamba kikundi kianze na msiba, ndipo kiifikie imani.

Mnyororo wa Misiba

Kabla ya kuulizana iwapo Mungu yuko, wanakikundi waorodheshe waliofariki na chanzo cha kila kifo. Rukia, dada yake Kazimoto, anatiwa mimba na Manase, na masaibu yanayofuata yanaishia katika kifo chake. Mama yao hawezi kuustahimili msiba huo, naye pia anafariki. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase, lakini anaishia kumpenda na kumwoa. Maradhi ya zinaa yanawapata Manase na Kazimoto, na madhara yake yanawaangukia watoto. Mtoto wa Kazimoto anazaliwa mfu, na Kazimoto anajiua.

Orodha hii ikiandikwa ubaoni, jambo moja hujitokeza. Kazimoto anaelekeza mashtaka yake mbinguni, ilhali msuko wa riwaya unaonyesha mkono wa binadamu karibu na kila kaburi, ukiwemo mkono wake mwenyewe.

Rambirambi na Uhakiki

Matangani tumezoea kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kauli hii ina hekima yake. Haidai kumweleza mfiwa kwa nini amefiwa; inampa la kushikilia wakati maneno mengine yamekwisha. Tatizo huzuka inapohamishwa kutoka matangani hadi katika uhakiki. Tukisema kwamba kifo cha Rukia ni majaliwa tu, tumemwachilia Manase bila kumhoji.

Kukata tamaa kwa Kazimoto nako kuna matokeo yayo hayo. Ikiwa ulimwengu hauna maana yoyote, tendo la Manase linakuwa upuuzi mmoja miongoni mwa mengi, na hakuna wa kuwajibika. Hivyo basi, muumini asiyeuliza na mkanaji aliyekata tamaa hukutana mahali pamoja: wote wawili wanamsahau Rukia. Hapa ndipo waumini na wasioamini wanapoweza kujadiliana bila ya kutakiana kuungama, kwa kuwa swali la haki kwa marehemu linawahusu wote.

Sauti ya Msimulizi

Riwaya hii imesimuliwa katika nafsi ya kwanza. Yote tunayoyajua yamepitia katika akili ya mtu aliyefiwa na mwenye kiu ya kisasi. Kauli zake kuhusu Mungu, kwa hiyo, ni ushahidi wa hali ya moyo wake kabla ya kuwa msimamo wa mwandishi. Ni kweli kwamba Kezilahabi alisoma seminari, na jambo hilo linaweza kueleza uzoefu wake wa masuala ya dini; haliwezi kuthibitisha kwamba Kazimoto ndiye Kezilahabi. Anayetaka kudai hivyo aonyeshe ukurasa unaomuunga mkono.

Mwenendo wa Mjadala

Huenda miongoni mwa wanakikundi yumo aliyefiwa karibuni, au ambaye jamaa yake alijiua. Kiongozi aarifu mapema kwamba riwaya ina maudhui hayo, asimlazimishe yeyote kuzungumza, wala asiruhusu msiba wa mwanachama utumiwe kama mfano. Akilia mtu, kikundi kinyamaze kwanza. Hapo ndipo mahali pa rambirambi, uhakiki utangoja.

Hitimisho

Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka wa 1944, alifariki mwaka wa 2020, na riwaya yake bado inawasumbua wasomaji. Usumbufu huo usikimbiwe kwa mahubiri wala kwa majigambo ya kisomi. Kikundi kikitoka mjadalani kikikumbuka jina la Rukia pamoja na hoja za Kazimoto, kitakuwa kimeisoma Kichwamaji vyema.

Maswali ya Mjadala

1. Je, kisasi cha Kazimoto kinamfanya atofautiane na Manase, au kinamfananisha naye?
2. Riwaya ingebadilika vipi iwapo ingesimuliwa na mama yake Rukia?
3. Linganisha nafasi ya dini katika Kichwamaji na katika Rosa Mistika.