Mkono wa Tremolo Unapolegea: Somo la Kutunza Gitaa la Kwaya



Ndugu mseminari, nawe mwanakwaya wa parokia au kigango, somo letu linahusu kitu chenye urefu wa kiganja tu: ule mkono wa chuma unaochomoza kwenye briji ya gitaa la umeme. Ukiwa mzima hakuna anayeukumbuka. Ukilegea, unagonga "ka, ka" wakati wa wimbo wa katikati, unaning'inia kama tawi lililovunjika, na mara nyingine unadondoka sakafuni. Hapo ndipo mtu huchukua koleo na kuukaza kwa nguvu, na tatizo la shilingi chache linageuka kuwa tatizo la gitaa zima.

Huku kwetu Ngara na Biharamulo jambo hili lina uzito wake. Gitaa la kwaya mara nyingi limenunuliwa kwa michango: huyu ametoa mkungu wa ndizi, yule debe la maharage. Fundi anayejua magitaa huenda akapatikana Bukoba au Mwanza, na nauli yake yaweza kuzidi bei ya kifaa kilichoharibika. Tena gitaa husafiri kwa pikipiki kwenye barabara ya vumbi kutoka parokiani kwenda vigangoni, na mtikisiko hulegeza kila kilichofungwa kwa skrubu.

Neno kuu la somo hili ni moja: usikaze kabla hujajua kilicholegea.

1. Mkono huu unafanya kazi gani?

Mfumo unaoonekana kwenye magitaa mengi ya kwaya umeigwa kutoka gitaa la Stratocaster, lililotolewa na kampuni ya Fender ya California, Marekani, mwaka 1954. Chini ya briji kuna bloki ya chuma iliyozama ndani ya mwili wa gitaa. Nyuzi zinaivuta briji upande mmoja. Springi, tatu hadi tano, zilizofichwa nyuma ya gitaa zinaivuta upande mwingine. Ukibonyeza mkono, briji inainama, nyuzi zinalegea, sauti inashuka. Ukiachia, springi zinairudisha mahali pake.

Jina lenyewe lina kosa la zamani. Katika muziki, tremolo ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti. Kupanda na kushuka kwa noti huitwa vibrato. Mkono huu hufanya vibrato, lakini Fender waliuita tremolo, na jina likashika hadi leo.

2. Tambua kwanza kilicholegea

Chomoa waya wa amplifaya. Laza gitaa juu ya kitambaa, shika mkono kwa vidole viwili, uchezeshe polepole juu na chini. Angalia ni lipi kati ya haya linatokea:

(a) Mkono unacheza ndani ya tundu kabla briji haijasogea. Kasoro iko kwenye thredi, yaani ile mistari ya mzunguko inayoshikana kama ya boliti na nati.

(b) Mkono hauchezi, ila unazunguka ovyo na kuning'inia. Thredi ni nzima. Kinachokosekana ni msuguano.

(c) Mkono umeshika vizuri, lakini briji yenyewe inatikisika juu ya bloki. Tazama skrubu tatu zinazofunga bamba la briji kwenye bloki. Hizi zikilegea, mtu husingizia mkono bure.

(d) Kila kitu juu kimeshika, lakini kuna mlio wa kugonga nyuma. Fungua kifuniko cha nyuma uone kama springi imechomoka, au kama skrubu mbili zinazoshika kile kipande cha chuma kinachobeba springi zimelegea kwenye mbao. Angalia: kuna waya mwembamba uliochomelewa kwenye kipande hicho. Huo ni waya wa ethi. Ukiukata, gitaa litaanza kunguruma kwenye spika.

Kwa (c) na (d), bisibisi inatosha, baada ya kulegeza nyuzi. Sehemu zinazofuata zinahusu (a) na (b).

3. Kwa nini mkono haukai vizuri?

Sababu ya kwanza ni uchakavu. Sababu ya pili, ambayo wengi hawaifikirii, ni kwamba mkono si wa gitaa hilo. Gitaa la mitumba huja bila mkono, kwaya inanunua mkono mwingine, unaingia "karibu sawa", na hapo uharibifu unaanza.

Stratocaster zinazotengenezwa Marekani kwa kawaida hutumia kipimo cha inchi kiitwacho 10-32: unene wa milimita 4.8 hivi, mizunguko 32 kwa kila inchi. Magitaa mengi yanayotengenezwa nje ya Marekani hutumia milimita 5 au milimita 6. Sasa linganisha. Mkono wa 10-32 ukiingia kwenye tundu la milimita 5, utazunguka, lakini utacheza kwa sababu ni mwembamba kidogo. Mkono wa milimita 5 ukiingizwa kwenye tundu la 10-32, utaanza vizuri halafu utabana. Mwenye haraka ataongeza nguvu, na ataondoka na thredi za bloki.

Kama huna kalipa ya kupimia, duka la vipuri vya pikipiki litakusaidia. Nunua boliti na nati za milimita 5 na za milimita 6. Nati zitapima mkono. Boliti zitapima tundu. Kinachofaa kinaingia kwa ncha za vidole, bila kubana na bila kuchezacheza, angalau mizunguko mitatu au minne. Kikigoma kwenye mzunguko wa kwanza au wa pili, simama hapo hapo. Jihadhari pia na lugha ya dukani: namba ya spana hupima kichwa cha boliti, si unene wa mwili wake. Boliti ya milimita 6 inaweza kuwa na kichwa cha spana namba 8 au namba 10. Kwa hiyo taja milimita, usitaje spana.

Ukikuta mkono na tundu havilingani, dawa ni kutafuta mkono unaolingana. Hakuna ujanja unaozidi huo.

4. Dawa tatu rahisi

Dawa hizi ni kwa mkono unaolingana na tundu lake, ila umechakaa kidogo au umekosa msuguano.

*Tepu nyeupe ya fundi bomba.* Safisha thredi kwa mswaki mkavu. Elekeza ncha yenye thredi usoni pako, kisha zungusha tepu kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, tabaka mbili au tatu, ukiivuta kidogo ili izame kwenye mistari. Acha mzunguko wa kwanza wa ncha ukiwa wazi ili mkono upate njia. Ingiza kwa vidole. Ukizungusha tepu kinyume, itafumuka wakati wa kuingiza. Dawa hii inaondoa mchezo mdogo na kuongeza msuguano kwa pamoja. Tepu ikichakaa, itoe yote na uweke mpya.

*Springi ndogo ndani ya tundu.* Fender wenyewe huweka springi fupi chini ya tundu la mkono katika baadhi ya magitaa yao. Ikipotea, mkono huning'inia. Kata kipande cha milimita 5 hivi kutoka springi ya kalamu ya kubonyeza, kidondoshe ndani ya tundu, kisha ingiza mkono. Springi itausukuma mkono juu, na thredi zitabanana. Kabla ya kufanya hivyo, hakikisha tundu lina kitako. Kama limetoboka hadi chini, springi itaangukia nyuma ya gitaa.

*Mkono wa kuchomeka.* Baadhi ya briji hazina thredi ndani ya tundu. Mkono unachomekwa na kushikwa na nati ya duara, pete za plastiki, au skrubu ndogo ya pembeni. Nati ya duara kaza kwa mkono. Skrubu ya pembeni izungushe robo mzunguko kwa ufunguo mdogo wenye umbo la herufi L, jaribu, kisha ongeza kama bado. Pete za plastiki zikiisha, zibadilishwe.

Mkono wa thredi ukishaingia hadi mwisho, urudishe nyuma mzunguko mmoja. Ukiuacha umekwama kwenye kitako na kuusukuma pembeni, nguvu yote itaishia kwenye shingo ya thredi, na hapo ndipo mikono hukatika.

5. Thredi zikishakwisha

Kama tundu la milimita 5 limekula thredi, bado kuna njia. Legeza na utoe nyuzi, toa springi, fungua briji, kisha tenganisha bloki. Ipeleke bloki peke yake kwa fundi wa kukereza vyuma, usimpelekee gitaa zima. Atalinyoosha tundu kwa keni ya milimita 5, kisha atakata thredi mpya za milimita 6 kwa tapu, akitumia mafuta na kwenda polepole, kwa sababu bloki nyingi za bei nafuu ni za zinki, nayo ni laini. Baada ya hapo kwaya itahitaji mkono wa milimita 6. Kwa hiyo nunueni mkono kwanza, ujaribiwe kwa nati ya milimita 6, ndipo tundu likatwe.

Fundi huyo huyo ndiye wa kumpelekea bloki ambayo mkono umekatikia ndani.

6. Mambo ya kuepuka

Usitumie supaglu. Itashika, lakini mkono hautatoka tena. Siku gitaa litakapofungwa mgongoni kwenye pikipiki, mkono utagonga kitu na kung'oa thredi zote. Usizungushie waya wa shaba wala karatasi ya sigara. Usipige nyundo. Usitumie koleo kuingiza mkono: vidole vikishindwa, tayari umepata jibu kwamba vitu hivyo havilingani.

Na kabla ya safari yoyote, hata ya kigango cha jirani, toa mkono, ufunge kwenye kitambaa pamoja na tepu yake, uweke mfukoni mwa begi la gitaa.

7. Kulituni gitaa baada ya kazi

Katika mfumo huu, ukikaza uzi mmoja, nyingine zinashuka kidogo, kwa kuwa springi zinagawana mzigo. Kwa hiyo pita nyuzi zote sita mara tatu au nne hadi zitulie. Kisha bonyeza mkono mara tatu na upime tena. Sauti isiporudi sawasawa, paka unga wa penseli kwenye mifereji ya nyuzi kule juu, karibu na kichwa cha gitaa. Mara nyingi uzi hukwama hapo.

Hii si kazi ya urembo. Waimbaji wa sauti zote nne wanachukua noti kutoka kwenye chombo. Gitaa likishuka, kwaya inashuka nalo, na waamini walioketi nyuma wanashindwa kuitikia.

8. Je, mkono huu unahitajika Misani?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 120, uliipa organi ya mabomba heshima ya pekee, ukakubali vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa ya mahali, ilimradi vinafaa kwa matumizi matakatifu na vinawajenga waamini. Mkono wa tremolo upimwe kwa kipimo hicho. Kuyumbisha noti kwa nguvu wakati wa wimbo wa katikati hakumsaidii mtu kusali. Gitaa hupiga vizuri kabisa bila mkono. Kama mpigaji wenu hautumii, utoeni na kuutunza. Tatizo la kulegea litakuwa limekwisha.

Lakini utunzwe. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 31, inamtaka mtunza vitu wa monasteri aviangalie vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Sura ya 32 inaongeza jambo la kiofisi kabisa: abati awe na orodha ya vifaa, ajue alichotoa na alichopokea. Mafundisho hayo yana umri wa karne kumi na tano, na yanafaa kabati la kwaya leo. Fungueni daftari la vyombo. Andikeni: gitaa gani, tundu la milimita ngapi, mkono upi, nani alilichukua, lini limerudi. Mstari mmoja, "tundu ni milimita 6", utamwokoa mwanakwaya atakayekuja baada yenu asinunue mkono usiofaa kwa fedha za waamini.

Maswali ya kujipima

1. Mkono unaning'inia lakini hauchezi ndani ya tundu. Je, kasoro ni thredi au msuguano? Utatumia dawa gani?
2. Kwa nini mkono wa milimita 5 unaweza kuanza kuingia kwenye tundu la 10-32 na bado usiwe wake?
3. Tepu ya fundi bomba inazungushwa kuelekea upande gani, na kwa nini?
4. Kwa vikundi: chukueni gitaa la seminari au la parokia yenu, lipimeni kwa boliti na nati, na muandike ukurasa wake wa kwanza katika daftari la vyombo.